Rimu ni ya 15, Kwa Hiyo Tairi Lolote la 15 Litafaa?

Nimeambiwa tena: "Fundi, weka pana zaidi, si rimu ni ileile ya 15?" Halafu tairi linasugua madigadi kila kona, na spidomita haisemi kweli. Leo naomba tulimalize hili.

Hiyo 15 inahusu rimu peke yake: ni kipenyo chake kwa inchi. Chukua tairi lililoandikwa ubavuni 195/65R15. 195 ni upana kwa milimita. 65 si milimita, jamani! Ni asilimia ya upana, na karibu kila kosa ninalokutana nalo limezaliwa hapo. Asilimia 65 ya 195 ni karibu milimita 127: huo ndio ukuta wa tairi. Uhesabu mara mbili, juu na chini, ongeza rimu (inchi 15 ni milimita 381), unapata kipenyo cha milimita 634.5. Sasa funga 215/65R15, "pana kidogo tu". 65 imebaki 65, lakini sasa ni ya 215. Ukuta umefika karibu 140, kipenyo 660.5. Uliomba upana, ukapewa na kimo. Limezidi kwa asilimia 4.

Gari haliipimi barabara, linahesabu mizunguko. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo mshale ukisoma 100, hesabu inakupeleka kwenye 104. Odomita, ile inayohesabu kilomita ulizosafiri, nayo inapunja, na mwenye gari analalamika kwamba mafuta yanaisha haraka.

Geuza sasa: 205/55R16. Rimu imekua, kipenyo ni 631.9, tofauti haifiki hata nusu asilimia. Spidomita haitikisiki. Acheni basi kuisingizia rimu.

Mafundi wengi hushika mpaka wa asilimia 3 kwa tofauti ya kipenyo. Nami nautumia, ila siuamini kama watu wanavyouamini. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu spidomita isome chini ya mwendo halisi, ndiyo maana watengenezaji wengi huiacha isome juu kidogo. Tairi lililozidi kidogo laweza hata kuisogeza karibu na ukweli. Tena, tairi jipya lenye kashata (yale meno ya juu yanayoshika barabara) za kina cha milimita 8, likilika hadi 1.6, kipenyo chake kinapungua karibu milimita 13. Hiyo ni asilimia 2, na hakuna anayekuja kuniuliza. Matairi ya saizi ileile kutoka viwanda tofauti nayo hayalingani sawasawa. Kwa hiyo desimali zangu ni za kuanzia tu. Ukitaka mwendo wako halisi, ulinganishe na GPS kwenye barabara iliyonyooka, kwa mwendo usiobadilika.

Kuhusu kuenea: kipenyo kikikubali, bado kuna upana wa rimu na ofseti, yaani rimu inakaa ndani au nje kiasi gani, ile ET iliyochapwa kwenye rimu. Ikikosewa, tairi linagusa shokapu kwa ndani au madigadi kwa nje. Hapo siamini karatasi. Nafunga, nakata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, gari likiwa na mzigo, kwa sababu likiwa tupu halishuki vya kutosha kuonyesha linapogusa. Namba ya uzito, ile inayofuata saizi ubavuni mwa tairi, nayo isishuke chini ya ile ya tairi la awali: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja.

Na wenye gari linaloendesha magurudumu yote manne: msibadilishe saizi mbele peke yake au nyuma peke yake. Vipenyo vikipishana, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi bila kupumzika hata kwenye barabara iliyonyooka, na bei ya kuitengeneza haifanani kabisa na ya matairi mawili.