Waraka wa Senakeribu na Moyo wa Hezekia

"Ni tumaini gani hili unalolitumainia?" Swali hilo liliulizwa chini ya ukuta wa Yerusalemu mwaka 701 kabla ya Kristo, na aliyeuliza alikuwa amiri wa Senakeribu, mfalme wa Ashuru. Mimi hufundisha Agano la Kale, na wanafunzi wakitaka kujua moyo usiotikisika unapatikana wapi, nawapeleka kwanza kwa adui huyu. Aligusa penyewe. Uthabiti wa mwamini hautokani na ukali wa tabia yake bali na yule anayemwegemea.

Hatari ilikuwa ya kweli. Senakeribu mwenyewe aliandikisha kwamba aliteka miji 46 ya Yuda yenye ngome, akamfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Biblia nayo haimpambi Hezekia. Kitabu cha 2 Wafalme 18 kinaeleza kuwa alianza kwa kununua amani: talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, hata akabandua dhahabu ya milango ya hekalu. Waashuri walipokea, kisha wakaja vilevile. Na huyu ndiye ambaye mstari wa 5 wa sura hiyohiyo unasema "alimtumaini Bwana". Nalipenda jambo hili kwa moyo wote, maana linampa nafasi mtu ambaye tayari ameshayumba.

Amiri aliijua kazi yake. Aliombwa aseme Kiaramu, akakataa, akapaza sauti kwa Kiyahudi ili watu walioketi ukutani wasikie. Alianza na kweli: Misri ni mwanzi uliopondeka, utamchoma mkono anayeuegemea. Akachanganya na uongo, na hata akadai kuwa Bwana ndiye aliyemtuma. Watu wakanyamaza, kwa kuwa mfalme alikuwa amewaagiza wasijibu. Mimi nauhesabu ukimya ule kuwa imani. Si kila sauti inayotutisha inastahili majibu yetu.

Kisha ukaja waraka. Sura ya 19, mstari wa 14, inasema Hezekia aliupokea, akausoma, akapanda nyumbani kwa Bwana, akaukunjua mbele zake. Tazama kwamba aliusoma. Katika baadhi ya makanisa yetu watu wamefundishwa kuwa kukubali habari mbaya ni kukosa imani: usitaje jina la ugonjwa, usiseme deni ni kubwa, usije ukakiri kushindwa. Sikubaliani na mafundisho hayo, na yamewaumiza washirika wengi ambao walihitaji tu mtu wa kulia naye. Hezekia anaomba akisema, "Ni kweli, Bwana," wafalme wa Ashuru wameangamiza mataifa. Hakanushi tukio hata moja. Anachokataa ni hitimisho la Senakeribu, kwamba Bwana ni mmoja tu kati ya miungu ile iliyoshindwa. Ile ilikuwa miti na mawe, kazi ya mikono ya wanadamu. Huyu ndiye aliyeziumba mbingu na nchi. Sala nzima ni mistari mitano tu, na mstari wa kwanza wote unamtaja Mungu alivyo, kabla Ashuru haijatajwa.

Wala kumtumaini Mungu hakukumfanya akae bure. 2 Nyakati 32 inasema aliziba chemchemi nje ya mji, akajenga ukuta uliobomoka, akatengeneza silaha. Mfereji wa maji unaohusishwa naye, uliochongwa ndani ya mwamba kwa zaidi ya mita 500, upo Yerusalemu hadi leo.

Lakini ipo Lakishi. Mji huo wa Yuda ulianguka, na michoro ya mawe kutoka Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, iliyohifadhiwa katika jumba la British Museum mjini London, inaonyesha wakazi wake wakihamishwa na mizigo yao. Siwezi kuamini kwamba ndani yake hapakuwa na aliyemwomba Bwana yuleyule. Yerusalemu haukutekwa, lakini simwahidi mtu kuwa yake yataisha kama ya Yerusalemu. Mshirika akija na majibu ya hospitali au barua ya mahakama, tunaisoma yote, tena kwa sauti. Kisha tunaomba kwa mpangilio wa Hezekia: Mungu alivyo kwanza, halafu hali ilivyo bila kuificha, na ombi mwishoni.