Sululu Aliyevunjika Bawa: Pa Kufunga na Pa Kuacha

Kuanzia Agosti hadi Aprili, maji yakipwa, Ghuba ya Chwaka na mapwa ya Pemba hupata wageni: ndege wa pwani waitwao sululu na vitwitwi, waliokimbia baridi ya kaskazini. Anayevunjika huku mara nyingi amekutana na vitu vyetu, kama mshipi wa nailoni uliotupwa, waya wa umeme, manati au mbwa.

Mfupa wa ndege una ganda jembamba na gumu. Ukipigwa haupindi, hupasuka vipande vyenye ncha, na sehemu za chini za bawa na mguu hazina nyama ya kuzizuia ncha hizo zisitoboe ngozi. Kipande kikitokeza nje kikakauka, hufa.

Mfunike kwa kanga kichwa na mwili, mabawa yakiwa yamekunjwa. Usimkimbize pwani nzima. Ndege wa miguu mirefu akipapatika sana juani, misuli ya miguu huharibika na anaweza kupooza, hata kama aliyevunjika ni bawa tu. Boksi lenye matundu, taulo chini asiteleze, giza na kimya. Ikiwa miguu ni mizima, boksi liwe na kimo cha kumwezesha kusimama. Asinyweshwe maji kwa nguvu, wala asipewe panadoli.

Jeraha likiwa kati ya bega na kiwiko, usilimwagie maji hata kidogo. Mfupa wa hapo una uwazi uliounganika na vifuko vya hewa vya kupumulia, kwa hiyo unaweza kumzamisha ndege akiwa nchi kavu. Chovya kitambaa safi katika maji ya chumvi (gramu 9 kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa), kikamue, kisha funika.

Bawa lifungwe likiwa limekunjwa, bandeji laini ikizungushwa mfano wa tarakimu 8. Kosa tunaloliona sana ni kumkaza kidari kama mzigo. Ndege hana kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kama chetu. Hupumua kwa kupandisha na kushusha mfupa wa kidari, na ukiubana unamnyonga taratibu. Mfupa huanza kushikana baada ya wiki 2 au 3, lakini bandeji isiyofunguliwa muda wote huo hukakamaza ngozi ya mbele ya bawa. Ndiyo maana daktari wa mifugo huifungua kila baada ya siku chache na kulinyoosha bawa.

Mvunjiko ulio kwenye kiungo ni habari nyingine. Kuku angeishi nao. Sululu anayetakiwa kuruka maelfu ya kilomita hawezi, na daktari akiamua kumlaza moja kwa moja, yaani kumuua bila maumivu, msimlaumu.

Mguu ulionaswa na mshipi, kata kila mzunguko kwa mkasi wenye ncha butu. Ukivuta, uzi huingia ndani zaidi ya ngozi. Kisha nawa mikono kwa sabuni, na ukikuta ndege kadhaa wamekufa pamoja, usiwaguse: mwarifu sheha au ofisi ya mifugo.