Mwaka wa utafiti katika masomo ya udaktari ni nini?

Mwanafunzi wa udaktari aliyeko Uingereza akikwambia kwamba mwaka huu hayupo na wenzake kwa sababu anafanya intakalesheni, usidhani amefeli au amekwama ada. Yuko chuoni vilevile, ila amechepuka kwa mwaka mmoja kuchukua shahada ya sayansi ya tiba yenye utafiti ndani yake. Mwaka ukiisha anarejea kwenye udaktari alipoachia. Akimaliza yote anakuwa na shahada mbili: BSc au BMedSci ya ule mwaka, na MBBS au MBChB ya udaktari wenyewe.

Shahada ya kwanza inapatikanaje kwa mwaka mmoja? Hapo ndipo wazazi wengi huanza kutilia shaka. Jibu ni kwamba miaka ya mwanzo ya udaktari, ile ya anatomia, fiziolojia na biokemia, inahesabiwa kuwa sehemu ya shahada hiyo. Kinachobaki ni mwaka wa mwisho, ambao mwanafunzi wa sayansi angefanya mradi wake na kuandika tasnifu.

Vyuo havifanani. Imperial College London, UCL na Edinburgh wameuingiza mwaka huu ndani ya kozi, kwa hiyo kwa kawaida udaktari kwao ni miaka 6. Oxford na Cambridge, mwaka wa tatu huishia kwenye shahada ya kwanza wanayoiita BA, kisha mwanafunzi ndiyo anaingia hospitalini. Nottingham wana utaratibu wao: mradi wa utafiti na BMedSci vimo ndani ya miaka 5 ileile, bila kuongeza hata muhula. Kwingineko ni hiari, na anayekubali huona miaka 5 ikiwa 6. Wapo wanaohamia chuo kingine kwa mwaka huo mmoja, wakifuata somo ambalo chuo chao hakina.

Kuna pia BSc ya sayansi za tiba isiyomtoa mtu kuwa daktari, ambayo mwanafunzi hukaa mwaka mzima kwenye maabara ya hospitali au kampuni ya dawa kabla ya kumaliza. Majina yanakaribiana, lakini ukijaza fomu ya moja ukidhani ni nyingine, utakuja kushtuka.

Tuje kwenye mwaka wenyewe. Miaka miwili ya mwanzo mwanafunzi amezoea maswali yenye majibu nyuma ya kitabu. Sasa anakabidhiwa swali ambalo hata msimamizi wake hana jibu lake. Wiki za mwanzo ni kusoma makala za watafiti na kugundua kwamba zinapingana. Kisha inakuja kazi ya mikono: kushika pipeti na kupima ujazo mdogo kuliko tone, kulisha seli kwenye visahani vyake, kuhesabu chembe kwenye hadubini mpaka macho yanawasha. Jumatatu anafungua kabati la joto anakuta visahani vimeota kuvu, na kazi ya wiki kadhaa inatupwa kwenye pipa la taka za maabara. Anaanza upya. Asiyeingia maabara hupewa data za wagonjwa, naye shida yake ni nyingine: umri haukuandikwa, mgonjwa mmoja ameingizwa mara mbili, na somo la takwimu alilolipita juujuu mwaka wa kwanza sasa linamdai.

Mfano ninaoupenda ni wa Jay McLean, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa pili huko Johns Hopkins, Marekani. Alikusudia kutumia mwaka mmoja kwenye maabara ya Profesa William Howell aone kama anaweza kutatua jambo peke yake. Alipewa kuchunguza kitu kinachogandisha damu. Katika kuchuja vitu kutoka kwenye ini, akapata kilichofanya kinyume kabisa. Kwa simulizi yake mwenyewe, alimwekea Howell damu ya paka kwenye chombo, akaichanganya na alichokipata, akamwambia amwite itakapoganda. Haikuganda. Matokeo yalichapishwa 1916, na ndiyo yaliyofungua njia ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo leo hospitali yoyote kubwa inayo. Wengi hawatapata cha namna hiyo, na wala si lazima. Tasnifu inayosema "tulichokitarajia hakikuonekana" inaweza kupata daraja la kwanza ikiwa kazi ilifanywa sawasawa.

Kwa miaka mingi kulikuwa na sababu nyingine ya kufanya hivi, na haikuwa na uhusiano na sayansi: shahada ya ziada iliongeza pointi kwa anayeomba nafasi ya kuanza kazi hospitalini Uingereza. Kwa walioanza kazi 2023 pointi hizo zilifutwa. Mimi naona ni afadhali, maana waliokuwa na pesa ya mwaka mmoja zaidi walikuwa wananunua nafasi ya mbele kwenye foleni. Gharama ipo bado: ada, kodi ya chumba, na mshahara wa mwaka mmoja unaochelewa.

Kwetu huku, Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina njia hii. Mwanafunzi wa MBChB anaweza kusimama baada ya masomo ya msingi, akachukua BSc ya anatomia, fiziolojia au biokemia, halafu akarudi kwenye kozi yake. Tanzania, shahada ya udaktari, MD, ni miaka 5 na mwaka wa intenishipu, na anayetaka utafiti wa kina kwa kawaida huusubiri kwenye uzamili.

Anayefikiria kuuchukua mwaka huu aache kuhangaikia jina la kozi, amtazame msimamizi. Aulize mwanafunzi wa mwaka jana alimaliza na nini. Aulize data zipo au ndiyo zitaanza kutafutwa. Aulize kibali cha kamati ya maadili kimeshatoka, kwa sababu kibali kinaweza kula miezi na mwaka wenyewe wa masomo ni mfupi. Akiambiwa kinakuja, atafute mradi mwingine.