Uswisi, nchi ambayo rais wake hubadilika kila Januari

Tunapotembelea shule kutoa elimu ya jiografia, kuna swali ninaloliweka akiba hadi mwisho wa kipindi: rais wa Uswisi ni nani? Rais wa Ufaransa watamtaja, wa Marekani hata hawangoji umalize swali. Kwa Uswisi darasa zima linanyamaza, na mwalimu naye anaangalia dirishani. Hakuna wa kumcheka. Ukiuliza mitaani Zürich, wapo Waswisi watakaokuna kichwa kwanza. Rais wao hukaa mwaka mmoja, Januari hadi Desemba, kisha humpisha mwenzake, na katika mwaka huo wizara yake anaendelea kuiongoza kama kawaida.

Serikali ya namna hii huielewi bila kutazama ramani. Uswisi ina kilomita za mraba 41,285. Mkoa wa Morogoro peke yake unaizidi. Haina pwani. Imezungukwa na Ujerumani, Ufaransa, Italia, Austria na Liechtenstein, na karibu asilimia 60 ya ardhi yake ni milima ya Alpi. Watu wake, takriban milioni 9, wengi wamejazana kwenye uwanda ulio kati ya Alpi na milima ya Jura. Bahari hawana, ila maji yao yanafika kote: Rhine huenda Bahari ya Kaskazini, Rhone Mediterania, Ticino huingia mto Po hadi Adriatiki, na Inn huungana na Danube kuelekea Bahari Nyeusi. Mjini Basel kuna bandari kabisa, meli za mizigo zikipanda mto kutoka Rotterdam.

Zamani theluji ikianguka, kila bonde lilijifunga na mambo yake: malisho yake, lahaja yake, mkutano wake wa kijiji. Mwaka 1291 mabonde matatu, Uri, Schwyz na Unterwalden, yaliwekeana ahadi ya kusaidiana. Kutoka jina Schwyz ndiko lilikotoka hili letu la Uswisi. Wengine walijiunga kidogokidogo kwa karne nyingi, kila mmoja akija na sheria zake, na leo kantoni, yaani majimbo yanayounda nchi hiyo, ni 26. Lugha za taifa ni nne: Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi.

Wengi hudhani nchi hii imekuwa tulivu tangu mwanzo. La hasha. Vijana wake walikodishwa kupigana katika majeshi ya wafalme wa Ulaya, Wafaransa waliivamia mwaka 1798, na hata baada ya mataifa makubwa kuutambua msimamo wake wa kutofungamana na upande wowote, mwaka 1815, ndugu walishikiana silaha wao kwa wao. Novemba 1847 kantoni saba za Kikatoliki zilizokuwa zimeunda muungano wao zilipigana na jeshi la shirikisho. Jenerali Guillaume-Henri Dufour, mhandisi na mchora ramani, aliwaagiza askari wake wasiwadhuru majeruhi, wafungwa, wanawake na watoto. Vita viliisha chini ya mwezi mmoja, waliokufa wakiwa kama mia moja. Miaka 16 baadaye mzee huyohuyo alikuwa miongoni mwa watu watano walioanzisha kamati iliyozaa Msalaba Mwekundu mjini Geneva. Kilele kirefu kuliko vyote nchini humo, mita 4,634, kinaitwa Dufourspitze kwa heshima yake.

Walioshinda hawakuwakanyaga walioshindwa. Katiba ya 1848 iliunda bunge la mabaraza mawili, moja likihesabu watu na jingine likizipa sauti kantoni, hivyo hata Uri yenye watu wachache inasikika. Bunge hilo ndilo huchagua mawaziri saba wanaopokezana urais, basi, hawazidi saba, nao hutoka vyama vinavyopingana. Wakishaamua jambo, aliyelipinga ndani ya chumba hutoka nje kulitetea.

Na juu ya hao saba kuna mwananchi. Mara hadi nne kwa mwaka, wiki kadhaa kabla ya siku ya kura, bahasha huingia nyumbani kwa posta. Ndani yake mna karatasi za kura na kijitabu chekundu cha serikali kinachoeleza kila hoja, sababu za wanaotaka na za wasiotaka. Sahihi 50,000 zilizokusanywa ndani ya siku 100 zinatosha kuipeleka sheria ya bunge kwa wananchi. Sahihi 100,000 ndani ya miezi 18 zinapeleka pendekezo la kubadili katiba. Hupiga kura kwa hesabu zao wenyewe: mwaka 2012 waliulizwa kama wanataka likizo ya wiki sita kwa kila mfanyakazi, wakakataa.

Mimi binafsi siusifu mfumo huu moja kwa moja, maana ukimpa mwananchi neno la mwisho unampa pia uwezo wa kumfungia mwenzake mlango. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya taifa Februari 1971, baada ya wanaume kuwakatalia mwaka 1959. Kufikia hapo Bibi Titi Mohamed alikwisha kuwa mbunge huku kwetu. Kule kwenye kantoni ya Appenzell Innerrhoden, ambako raia hukusanyika uwanjani kila mwaka na kuamua kwa kunyoosha mikono, wanaume walikataa tena Aprili 1990 kuwapa wanawake kura ya kantoni. Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya Shirikisho ikawaamuru wakubali. Aprili 1991 wanawake waliingia uwanjani kwa mara ya kwanza, wakiwa na kadi zao za kupigia kura mkononi. Wanaume wengi walikuja na panga za jadi kiunoni, kwa kuwa upanga wa ukoo unatambulika pale kama kitambulisho cha mpiga kura, na hadi leo unatambulika.