Kadi Isiyoguswa na Mkono Si Kadi Isiyo na Dosari

Nimeulizwa tena, safari hii na msomaji wa hapa Marekani aliyeonyeshwa boksi la kadi za besiboli la kampuni ya Topps la mwaka 1980 na anayetaka kujua kama alichukue. Hoja yake ni ile ile ninayoisikia kila mara: pakiti hazijafunguliwa tangu zitoke kiwandani, kadi zilizomo hazijaguswa na mkono wa mtu, kwa hiyo kadi ya mchezaji Rickey Henderson itakayotoka humo itapewa daraja la 10, la juu kabisa, na PSA, kampuni ya kukadiria ubora wa kadi, na boksi litakuwa limejilipa lenyewe. Hoja hiyo ina kasoro mwanzo hadi mwisho, lakini hilo la kuguswa na mkono ndilo lililonichosha, nami nitalirudia kwa kirefu baada ya kuyapitia mengine upesi.

Boksi lina pakiti 36 zenye kadi 15 kila moja, yaani kadi 540, na seti ya mwaka huo ina kadi 726. Henderson, namba 482, ndiye ruki, yaani mchezaji anayetolewa kadi kwa mara ya kwanza, pekee katika seti ile ambaye watu hununua boksi kwa ajili yake. Hata kama kadi zingegawanywa kwa usawa kabisa, wastani usingefikia Henderson mmoja kwa kila boksi. Nazo hazikugawanywa hivyo: mashine zilizipanga kwa mfuatano uliojirudia, ndiyo maana boksi moja linaweza kutoa Henderson watatu na lililokuwa pembeni yake lisitoe hata mmoja.

Halafu kuna hiyo nailoni inayofunika boksi zima. Boksi la Topps la miaka ile halikutoka kiwandani likiwa limevishwa nailoni; lilikuwa kadibodi yenye kifuniko, la kuwekwa wazi kwenye kaunta ya duka ili watoto wajichagulie pakiti. Nailoni unayoiona leo imewekwa na mthibitishaji, mtaalamu anayehakikisha kwamba boksi halijachezewa, baada ya kukagua pakiti moja moja. Kilichofungwa kiwandani ni pakiti, kwa nta iliyoyeyushwa kidogo kwa joto, na mjanja mwenye pasi anaweza kuifunga tena. Wathibitishaji nawaamini, ila imani yangu ina mpaka, kwa sababu wao pia hukagua ganda tu. Logan Paul, mtu maarufu wa YouTube, alilipa dola milioni 3.5 kwa katoni ya kadi za Pokémon iliyokwisha kuthibitishwa. Ilipofunguliwa Januari 2022, ndani zilikutwa kadi za G.I. Joe, wale wanasesere wa askari.

Sasa turudi kwenye mkono. Haya, kadi haijaguswa na mkono. Imeguswa na kisu cha mashine, na chingamu iliyotiwa ndani ya pakiti, na nta, na uzito wa pakiti nyingine kwa zaidi ya miaka 40. Kadi 132 zilichapwa kwenye karatasi moja kubwa, kisha karatasi zikakatwa. Karatasi ikisogea kidogo tu mbele ya kisu, pambizo nyeupe inakuwa nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, na hakuna miaka ya kufichwa gizani itakayoirudisha picha katikati. Kadi ya namna hiyo ilizaliwa na dosari yake, na pakiti imeihifadhi pamoja na dosari hiyo kwa uaminifu mkubwa. Watu wa kiwanda cha Duryea, Pennsylvania, hawakuwa wakitengeneza vitega uchumi. Walikuwa wakiwauzia watoto chingamu na picha za wachezaji, na kwa kazi hiyo pambizo isiyo sawa haikumsumbua mtu yeyote.

Itazame pakiti yenyewe inapofunguliwa chini ya taa. Chingamu imekauka hadi inavunjika kama kigae, na unga wake wa waridi umetapakaa kwenye mikunjo ya karatasi. Kadi iliyoilalia imepata doa la kahawia lenye umbo la mstatili. Kadi iliyo upande wa pili, iliyogusa mahali karatasi ilipofungwa, ina utando wa nta. Utando huo ukiwa upande wa picha huondoka kwa kusuguliwa polepole na soksi ndefu ya nailoni. Ukiwa mgongoni, ambako kadibodi haikupakwa kitu, nta imekwisha kuzama na hakuna la kufanya. Hapo hatujazitazama pembe, wala vidoa vya wino, wala kingo zilizochanikachanika kwa sababu kisu kilikuwa butu siku hiyo.

Takwimu ambazo PSA yenyewe huzitangaza zinasema yaliyo wazi: Henderson waliopata 10 hawafiki 50, ilhali waliopelekwa kukadiriwa ni maelfu mengi.

Hapo ndipo mtu hunitajia mchezaji mwingine, Ken Griffey Jr., kwenye kadi ya mwaka 1989 ya kampuni ya Upper Deck, ambaye nakala zake zenye daraja la 10 zimepita 4,000. Ni kweli, lakini ule ulikuwa uchapaji mwingine kabisa: kadibodi nzuri zaidi, pakiti ya foili, hakuna nta wala chingamu. Hata hivyo Griffey alikuwa namba 1, akawekwa kwenye kona ya karatasi ya kuchapia, mahali panapogongwa kabla ya pengine pote, na wengi wao pembe zao zimelegea tangu siku ya kwanza.

Nina mashaka yangu pia. Sijapata maelezo yanayoniridhisha kwa nini maboksi mawili ya katoni moja yatofautiane hivyo, moja likiwa na kadi zilizokaa katikati karibu zote na jingine picha zikiwa zimesogea pembeni zote. Kadi ile ile ikipelekwa kukadiriwa mara mbili inaweza kurudi na 8, kisha 9, na sijui nimwambie nini mteja anayeniuliza ipi ni kweli. Wala sina hakika kwamba kufungua maboksi haya ni biashara na si kamari yenye istilahi nzuri. Bei ya boksi lililofungwa imekwisha kumhesabu Henderson ambaye hajaonekana. Ukilifungua, unamlipia awepo asiwepo.

Kwa hiyo ndugu yangu, ikiwa unamtaka Henderson, nunua aliyekwisha kupewa 8. Atakugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya boksi. Ikiwa unataka kufungua kwa vyovyote vile, tafuta maboksi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kuuzia kadi: ndani mna kadi 500 zisizo na pakiti, hazikukaa na chingamu wala nta, ingawa kisu kilichozikata ni kile kile. Na ikiwa bado moyo uko kwenye boksi hilo uliloonyeshwa, usinitumie picha za kifuniko. Nitumie za migongo ya pakiti, kwa karibu, mahali karatasi inapokunjwa, maana hapo ndipo pasi huacha alama yake.