Bomu halikuzuia Kargil

Kila vita vikizuka mahali, kauli ni ileile: nchi yenye nyuklia haiguswi. Wiki hii nimekutana nayo tena, safari hii ikiwa na nyongeza kwamba Afrika ingekuwa na bomu lake ingeheshimiwa. Nafundisha masuala ya usalama wa kimataifa, na nimechoka kuiacha ipite.

Misri na Syria ziliishambulia Israel mwaka 1973, wakati ambapo karibu wataalamu wote wanaamini ilikwishakuwa na bomu. Argentina iliviteka visiwa vya Falkland, vilivyo chini ya Uingereza, mwaka 1982, na Uingereza ilikuwa na nyambizi zenye makombora ya nyuklia. Agosti 2024 jeshi la Ukraine liliingia Kursk, ndani ya Urusi. Na bomu la Afrika limewahi kuwepo: makaburu wa Afrika Kusini walitengeneza mabomu sita. Hayakuwazuia Wacuba waliokuwa wakipigana Angola kusogea kuelekea mpaka wa Namibia, iliyokuwa chini ya Afrika Kusini, mwaka 1988, wala hayakuwaletea heshima ya mtu yeyote. Yakavunjwavunjwa, na F. W. de Klerk akatangaza habari hiyo Machi 1993.

Nikisema haya, najibiwa kwa Gaddafi wa Libya na Ukraine: waliachana na nyuklia, kisha wakashambuliwa. Gaddafi aliachana na mpango wake Desemba 2003 akiwa hana bomu hata moja. Ukraine ilikuwa na vichwa vya nyuklia vya masafa marefu vipatavyo 1,900, vilivyoachwa na Muungano wa Kisovieti, lakini amri ya kuvirusha ilikuwa Moscow. Tuendelee.

Anayetaka kuelewa bomu linampa nini mwenye nalo na linamnyima nini, aitazame Pakistan na India. Mwaka 1965 Pakistan ilipenyeza wapiganaji Kashmir, eneo ambalo nchi hizo mbili zinaligombania. India ikajibu kwa kuvuka mpaka wa kimataifa na kuelekea Lahore, mji mkubwa wa Pakistan. Mwaka 1971 Pakistan ikashindwa vibaya na kupoteza upande wake wote wa mashariki, ambao leo ni Bangladesh. Januari 1972 Rais wa Pakistan, Zulfikar Ali Bhutto, aliwakusanya wanasayansi mjini Multan akawaambia anataka bomu. Simlaumu kwa hofu aliyokuwa nayo. Taifa lililokatwa nusu lina haki ya kuogopa kumalizwa.

Mei 1998 nchi zote mbili zilifanya majaribio ya wazi. Wengi wakasema sasa amani itakuja, maana hakuna atakayethubutu. Haukupita hata mwaka mmoja na nusu: mwaka 1999 wanajeshi wa Pakistan walikuwa wameketi juu ya vilele vya Kargil, katika Kashmir ya upande wa India, wakiitazama kutoka juu barabara ya Srinagar kwenda Leh. India ilipoteza zaidi ya wanajeshi 500 kuvikomboa vilele hivyo.

Hapa ndipo watu wanaponikera, kwa sababu wanaruka moja kwa moja kutoka “lina nguvu” hadi “linazuia vita”. Linazuia vita ipi? Bomu ni tishio la kuua mamilioni, na tishio kubwa kiasi hicho haliaminiki kwa jambo dogo. Hakuna atakayeteketeza Delhi kwa ajili ya kilele cha theluji, na pande zote mbili zinalijua hilo. Kwa hiyo jenerali mwenye bomu mgongoni anaweza kupiga hesabu hii: nikichokoza kidogo, adui hatathubutu kunifuata hadi Lahore. Woga wa vita kubwa ndio unaompa nafasi ya vita ndogo. Bomu linafunga mlango wa mbele na kufungua dirisha la nyuma.

Na hesabu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Kwenye vita vya Kargil, Waziri Mkuu wa India, Vajpayee, aliliamuru jeshi lake, ndege zikiwemo, lisivuke Mstari wa Udhibiti, unaoigawa Kashmir kati ya nchi hizo mbili. Linganisha na 1965: uchokozi unaofanana, jibu dogo zaidi. Hiyo ndiyo faida ya bomu, na ni faida halisi. Pakistan haijakatwa tena.

Ila nina shaka ambayo vitabu vya kiada huifunika. Je, ni bomu lililomzuia Vajpayee, au ni hesabu ya kidiplomasia, kwamba asipovuka dunia itamwona ndiye aliyeonewa? Marekani ilimbana Waziri Mkuu wa Pakistan, Nawaz Sharif, aliyekwenda Washington tarehe 4 Julai 1999 na kukubali kurudisha majeshi. Vita isiyotokea haina shahidi. Nadharia nzima ya kuzuiana kwa hofu inasimama juu ya mambo ambayo hayakutokea, na anayekwambia imethibitishwa anakuuzia uhakika asiokuwa nao.

Tena dirisha lile linazidi kupanuka. Februari 2019 ndege za India zilipiga Balakot, ndani ya Pakistan. Mei 2025 nchi hizo mbili zikarushiana makombora na droni kwa siku nne.

Na hayo ni ya makusudi. Tarehe 9 Machi 2022 India ilirusha kombora la BrahMos kimakosa, likaanguka karibu na Mian Channu, Pakistan. Kwa bahati halikuua mtu. Siku mbili zilipita kabla India haijakiri hadharani, ikisema ni hitilafu ya kiufundi wakati wa matengenezo ya kawaida. Agosti maofisa watatu wa jeshi la anga wakafukuzwa kazi. Kombora halikuwa na kichwa cha kivita. Aliyekuwa akilitazama kwenye rada upande wa Pakistan hakuwa na njia ya kulijua hilo, na kutoka mpakani hadi Lahore ni mwendo wa dakika tu.