“Nimemwachia Mungu” na dhana nyingine zinazonichosha

Wajane wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri huanza na maneno yale yale: “Mchungaji, mimi nimemwachia Mungu.” Shemeji keshachukua hati ya kiwanja, wapangaji wanamlipa yeye kodi, mama na watoto wamebanana chumba kimoja. Nikiuliza kama mirathi imefunguliwa, wananitazama kana kwamba nimewaambia wabadili dini.

Nani aliwafundisha kwamba anayemtumaini Mungu hadai haki yake? Si Biblia. Katika Luka 18 Yesu anafundisha kuomba bila kukata tamaa, na mfano anaoutoa ni mjane aliyemsumbua kadhi dhalimu mpaka kadhi akasalimu amri. Kule Filipi, Paulo na Sila walikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Waliowafunga waje wenyewe kuwatoa. Hata Yesu, aliyefundisha habari za shavu la pili, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu alihoji: “Wanipigia nini?” (Yohana 18:23).

Hapa kwetu Afrika Mashariki tunaye Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua kupinga mauaji na uonevu wa askari wake. Siku chache baadaye, tarehe 16, aliuawa. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Mtu huyo alimtumaini Mungu, na barua akaiandika.

Kwa hiyo mama, omba, funga ukipenda, kisha chukua cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo uende Mahakama ya Mwanzo. Wakigoma kukaa kikao, nenda hivyo hivyo ukaeleze kwamba wamegoma. Na mwanamke aliyepigwa asihubiriwe uvumilivu kabla hajapata PF3 (fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa) na matibabu. (Akiwa mahututi, hospitali kwanza, fomu itafuata.) Mzee wa kanisa anayemrudisha nyumbani “akaombe zaidi” hunikasirisha kuliko huyo mume mwenyewe.

Mengine kwa ufupi. “Anateseka, lazima kuna dhambi.” Katika Luka 13, mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18, na Yesu akakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Basi.

“Mkristo halalamiki.” Someni Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila hata mstari mmoja wa faraja. Ayubu alilalamika sura kwa sura, na mwishoni Mungu akawakasirikia rafiki zake waliokuwa wakimtetea Mungu.

“Ungekuwa na imani ungeshatoka.” Waebrania 11:34 inataja waliookoka na makali ya upanga. Mstari wa 37 unataja waliouawa kwa upanga. Wote wanasifiwa kwa imani ile ile, ila mahubiri mengi ninayoyasikia huishia kwenye 34.